Matofali Mliyotutunzia

Kutoka mlango wa nyumba tuliyokuwa tumepanga Mji Mkongwe hadi mlango wa stoo ya hoteli ninayofanya kazi ni hatua mia mbili na kumi na mbili. Nilizihesabu mara nyingi kwa sababu safari zangu nyengine zilikuwa chache. Saa kumi alasiri nikifunga stoo. Saa kumi na dakika sita nishavua viatu, nshavaa msuli, nimekaa dirishani na kikombe cha chai. Chini ya dirisha lile pana baraza, na wanaume wenzangu waliokuwa wakikaa pale hawakuniacha hata siku moja.

"Mwali karudi," mmoja akisema.

"Usimwangalie sana," mwengine akijibu. "Hajatolewa ndani bado."

Nilikuwa na umri wa miaka arubaini na mitatu, baba wa watoto wawili wa kike, nami nikiwapungia kikombe changu. Nimezaliwa kisiwa hiki hiki, na Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu.

Ndani ya stoo, hata hivyo, nilikuwa mtu mwengine. Elimu yangu ni kidato cha nne, nayo nilimaliza kwa kusukumwa, lakini daftari nalijua. Kwangu mche wa sabuni hautoki bila ya saini. Siku moja mpishi mkuu alikuja mbio kutaka iliki, wageni wamejaa ukumbini, pilau iko jikoni inamsubiri, nami nikamwambia aende akalete kalamu. Alinitukana kwa lugha mbili. Alitia saini.

Nnaeleza haya ili msomaji ajue kuwa kutunza vitu nilikuwa nakuweza. Nilichokuwa siwezi ni kutunza vyangu.

Marehemu baba aliniachia kiwanja Kiembe Samaki, si kikubwa, lakini kina mwembe mmoja na hati. Kila nikipata chochote cha ziada kazini, bakshishi ya mwisho wa msimu au malipo ya likizo, nilinunua matofali. Sikuweka fedha, kwa sababu najijua. Fedha yangu ina masikio. Ikisikia jirani anauguliwa inatoka yenyewe. Tofali, nikafikiri, ni zito, halina masikio, na hakuna mtu atakayekuja kuniomba tofali nikiwa nimekaa zangu dirishani. Kwa miaka tisa nikanunua mia leo, mia mbili mwakani, mpaka yakafika elfu moja na mia nane. Mia nane yakaingia kwenye kuta, zikafika usawa wa madirisha, zikasimama hapo. Elfu moja yakapangwa chini ya mwembe. Ndiyo ilikuwa benki yangu, na kila nikiulizwa na mke wangu nyumba imefikia wapi, nilimjibu kwa sauti ya mwenye mali: "Matofali yapo."

Siku ya tatu ya Idi ndogo, mwenye nyumba wetu alipanda ngazi mwenyewe na boksi la halua. Alikuwa Mhindi wa papo hapo mjini, mzee, amezaliwa katika nyumba ile ile na amezeekea katika duka lake la vitambaa chini yetu. Tangu nianze kupanga kwake hajawahi kupanda. Kodi nilimpelekea dukani. Nilipoona ile halua nikajua.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeuza." Akakaa kitako. "Binti yangu anasema niende nikakae kwake Dar. Miguu haitaki tena duka. Mnunuzi anataka funguo baada ya Idi kubwa."

Akaanza kulia yeye kabla yangu, ikawa kazi yangu kumbembeleza mtu anayenitoa nyumbani. Nikampa na chai. Baina ya Idi mbili ni miezi miwili na siku kidogo.

Wiki haijesha, meneja akaniita ofisini. Ni mtu wa bara, mpole, hupenda kuniita Mzee wa Stoo ingawa tumelingana. Wenye hoteli, akaniambia, wamefungua nyengine kule Nungwi, kubwa mara tatu ya hii, na stoo yake haina mwenyewe. Wamenichagua mimi. Mshahara unaongezeka kwa nusu. Pa kulala papo, chakula kipo, na kila mwezi nitapewa siku nne za kurudi mjini.

Nilitaka kusema hapana. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini alikuwa ameniagizia soda, na alikuwa anatabasamu, na mimi nina muhali, ule ugonjwa wetu wa kushindwa kumkatalia mtu usoni. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Naam. Nashukuru sana, Mwenyezi Mungu akubariki."

Hatua mia mbili na kumi na mbili siku ile zilikuwa kama elfu.

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu wa skuli ya msingi, na hata akinipakulia wali huwa kama ananisahihisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umepandishwa cheo au umeandikiwa talaka?"

"Nitarudi siku nne kila mwezi."

"Mgeni wa siku nne. Nitakutandikia ukumbini."

Akachukua karatasi ya mtihani wa mtoto wa watu, akaigeuza nyuma, akaandika mshahara wangu wa zamani na wa mpya, na chini yake kodi zinazotakiwa siku hizi kwa vyumba viwili vya maana. Akapiga mstari.

"Nyongeza yako yote inalipa kodi ya nyumba nyengine," akasema. "Yaani unakwenda kulala Nungwi ili tupate kupanga pahala ambapo wewe hulali."

Nikasema labda tukipanga mwaka mmoja tu, halafu tujenge.

"Kwa fedha gani? Mwaka utakuwa miwili, miwili itakuwa hawa watoto wameolewa." Akageuza kalamu. "Sikiliza. Mwezi ujao ni zamu yangu kwenye mchezo wa upatu wa walimu. Nikipokea, bati na mbao zinatosha. Mshahara wako huu huu unalipa fundi. Tukiezeka kabla ya Idi kubwa tunahamia hivyo hivyo, plasta na dari zitakuja kwa wakati wake, na hakuna haja ya mtu kwenda Nungwi. Kinachobaki ni kuta, na matofali yapo. Elfu moja, sio?"

Nikanywa chai.

"Sio?"

"Yapo," nikasema, na mara hii sauti ya mwenye mali ilikuwa imepungua.

Ijumaa baada ya sala tukenda Kiembe Samaki, yeye, mimi na fundi. Fundi akapima kuta kwa kamba, akasema ili zifike juu anataka matofali mia tisa na hamsini, na hapunguzi hata moja. Mke wangu akaenda chini ya mwembe akahesabu. Akahesabu tena kwa kuanzia upande wa pili.

"Mia tatu na tisiini."

Fundi akatikisa kichwa. "Wezi bwana, siku hizi."

"Wezi wa wapi," mke wangu akasema, huku ananitazama mimi. "Wezi hawapigi hodi."

Ikabidi niseme. Halikuibiwa hata moja. Yule Bi mtu mzima wa upande wa kushoto aliomba thamanini ya banda la kuku. Seremala wa mbele yetu aliomba mia na hamsini ya karo la choo, na choo hakimngoji mtu. Waliobaki walichukua hamsini hapa, thelathini pale, wa kupandishia tangi la maji, wa kuzibia pengo la ukuta. Kila mmoja alinijia na salamu nzuri, na kila mmoja nilimwambia, "Chukua tu, mimi sijengi leo." Hakuna aliyetia saini. Mimi, niliyemnyima mpishi iliki, nilitoa matofali mia sita na kumi ya nyumba ya wanangu kwa kutikisa kichwa.

Mke wangu hakugomba. Alicheka mpaka akakaa juu ya tofali. "Miaka tisa unajenga," akasema. "Na kweli umejenga. Umejenga mtaa mzima."

Nikaapa nitayadai mwenyewe. Nikaanza kwa seremala, kwa kuwa ndiye mwenye mengi. Nikakuta watu wanakula, nikakaribishwa, nikala. Tukazungumza mvua. Tukazungumza bei ya mbao. Mara tatu nikafungua mdomo kusema "yale matofali," na mara tatu ukatoka "mashaallah, chakula kizuri." Wakati naaga, akaniuliza kama nina koleo. Nilikwenda kudai matofali mia na hamsini, nikarudi nimemuazima koleo.

Kitu chenyewe kilikuwa wazi, na usiku ule sikupata usingizi kwa kukiwaza. Nisipopata matofali, hakuna kuta. Bila ya kuta, bati za mchezo zitapata kutu uani kwa mtu. Nami nitakuwa Nungwi, ndani ya chumba cha vitanda viwili pamoja na kijana anayepiga muziki, najua bei ya kila kopo la nyanya na sijui wanangu wamekula nini.

Asubuhi mke wangu akavaa baibui akasema, "Twende. Wewe usiseme kitu. Ukihisi unataka kusema, kohoa."

Tukaanza kwa Bi wa kuku. Mke wangu akamuamkia, akauliza hali, akauliza wajukuu mmoja mmoja, akauliza na kuku. Halafu akasema kwa upole ambao sijausikia nyumbani kwangu:

"Bi, tumekuja kukushukuru. Tunaanza kujenga Jumamosi ijayo. Ahsante sana kwa kututunzia matofali yetu."

Nikakohoa, ingawa sikuwa nataka kusema kitu.

Yule Bi akamtazama, akanitazama mimi, akaelewa kila kitu, na nikaona uso wake unakunjuka. Hakuitwa mdaiwa. Ameitwa mtunzaji, na mtunzaji ni mtu wa heshima; kazi yake iliyobaki ni kurejesha amana.

"Hakuna shukurani, wanangu," akasema. "Yapo. Ila nakwambieni mapema, yameona mambo. Kuku hawana adabu."

"Tutayaosha, Bi."

"Na upande mmoja nilipaka rangi ya buluu. Nilidhani..." Akaacha. "Leteni gari Jumamosi."

Tukazunguka hivyo hivyo nyumba baada ya nyumba. Ahsante kwa kututunzia. Mmoja alijifanya hakumbuki, mke wangu akamshukuru mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, mbele ya mamake, akakumbuka. Kwa seremala ndipo nilipopaogopa, kwa sababu matofali yake yalikuwa chini ya ardhi na kazi yake inajulikana. Yeye mwenyewe akapasua jipu.

"Shemeji, hayo ya karo siwezi kukurejeshea, na ukiyaona hutoyataka. Nitakununulia mia mapya. Hamsini yaliyobaki nisamehe, nikupigie kenchi zote za paa na fremu za milango, usinilipe ufundi."

Mke wangu akanigeukia kama vile mimi ndiye mwenye kauli. Nikapiga hesabu haraka. Ufundi wa kenchi ulikuwa unazidi matofali hamsini mara nyingi, na mke wangu alilijua hilo kuliko mimi.

"Sawa," nikasema. "Na koleo?"

Likawa neno langu la kwanza la kudai katika maisha yangu. Akalileta limeoshwa.

Jumamosi ile sijui niieleze vipi. Yule mtu wa hatua mia mbili na kumi na mbili alikuwa kiwanjani tangu alfajiri na daftari la stoo mkononi. Likaja gari la ng'ombe la kwanza, likaja la pili, zikaja toroli, wakaja watoto wa madrasa wamebeba mojamoja kichwani wanaimba kaswida. Yakaja matofali yaliyopauka, yenye chokaa, yenye manyoya ya kuku. Yakaja na ya buluu. Kila aliyeshusha nilimwandika, nikamshukuru kwa kunitunzia, naye akanijibu, "Hakuna shukurani," tukashikana mikono kama watu waliofanyiana wema mkubwa, na pengine tulikuwa tumefanyiana. Baada ya kushusha hakuna aliyeondoka. Mmoja akashika ndoo, mwengine akachanganya saruji. Yule aliyejifanya hakumbuki akawa ndiye hodari kuliko wote.

Jioni nikajumlisha. Mia tano na ishirini yamerudi. Arubaini mpaka leo sijui yanatunzwa na nani. Na yale mia tatu na tisiini ya chini ya mwembe, ikawa mia tisa na kumi.

"Pungufu arubaini," nikamwambia fundi.

Fundi akakuna kichwa. "Nitapandisha dirisha la jikoni liwe kubwa kidogo. Mkeo atapata upepo."

Nikabaki na meneja. Kwa siku mbili nilifanya mazoezi ndani ya stoo. Gunia la mchele nililikatalia mara kumi, mara nyengine kwa ukali. Siku ya tatu nikagonga mlango wake. Akataka kuniagizia soda, nikamwambia, "Soda baadae."

"Nilikubali Nungwi," nikasema, "kwa sababu ulinitazama vizuri. Sitoenda. Nisamehe kwa kuchelewa kusema."

Akaegemea kiti chake. "Kwa hiyo unabaki hapa, kwa mshahara huu huu?"

"Huu huu. Ila stoo ile haitaki mtu wa kulala ndani yake, bwana. Inataka daftari na mtu wa kulikagua. Nitume siku mbili kila mwezi, nende nikahesabu nirudi. Unilipe posho ya siku mbili."

Sentensi ile niliipanga na gunia la pili. Meneja akasema atafikiri, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kufikiri, nikatoka nimelowa jasho mpaka soksi. Wiki mbili nzima nilidhani nimeharibu. Kijana mwengine akapelekwa Nungwi, na meneja akawa ananisalimia kwa jina langu la kwenye vyeti.

Kisha mwisho wa mwezi vitabu vya kule na vitu vya kule vikakataa kukutana, akaja mwenyewe mlangoni kwangu.

"Mzee wa Stoo. Zile siku mbili bado unazo?"

Nikenda. Nikaiona Nungwi kwa macho yangu, ni pazuri, kalenda haikusema uwongo. Nikafungua makabati, nikahesabu, nikamfundisha yule kijana kwamba tabasamu si saini. Alikuwa mtoto mzuri na shida yake niliijua mara moja. Alikuwa anaona muhali. Siku ya pili jioni nikarudi kwangu. Posho ile ni robo tu ya nyongeza niliyoahidiwa mwanzo, lakini haimlipi mwenye nyumba yeyote. Imeshanunua plasta ya vyumba viwili.

Tuliezeka siku tisa kabla ya Idi kubwa. Seremala alipiga kenchi kama alivyoahidi, mke wangu na walimu wenziwe wakapika pilau, na wale watu wa barazani walikuja wote kutoka mjini, wakapanda juu ya paa na nyundo. Bati la mwisho lilipokaa, mmoja wao akapiga kelele kutoka juu ili mtaa mzima usikie: "Mwali katolewa ndani, jamani, mwali katolewa." Safari hii nikacheka nao.

Tulipokwenda kukabidhi funguo, mzee wetu alikuwa anafunga duka. Akanipa jora zima la kitambaa cha pazia lililobaki, kwa kuwa alisikia madirisha yetu hayana milango. Mara hii mimi ndiye niliyelia mwanzo.

Sasa nakaa Kiembe Samaki. Ukutani kwa ukumbi wetu, chini ya plasta ambayo haijafika, pana safu nzima ya matofali ya buluu. Wageni wanadhani ni urembo, na Bi wa kuku akija huyaangalia kama mtu anayeangalia watoto aliowalea. Saa kumi na moja nakuwa nshavaa msuli, nimekaa, chai iko mkononi.

Wiki iliyopita alipita jirani mpya wa nyuma. Hodi, salamu nzuri, hali, watoto. Akatupa jicho kwenye matofali hamsini niliyoyanunua kwa ajili ya ukuta wa uani.

"Sheikh, nnaomba uniazime ishirini tu. Wewe naona hujengi leo."

Mke wangu alikuwa jikoni, kwenye lile dirisha lake kubwa. Nikasikia kijiko kimesimama ndani ya sufuria.

"Hapana," nikasema. "Hayo yana kazi yake."

"Aa, basi," akasema jirani, akavuta kiti. "Na hiyo chai ni ya maziwa?"

Nikamtilia. Nilikuwa nasubiri kitu kianguke kwa kule kukataa kwangu. Alikunywa vikombe viwili, akatueleza khabari za shamba lake la Tunguu, akaaga. Juu yetu bati zilikaa kimya, kila msumari mahala pake.